Password ya Marekani sebuleni Dodoma: mchezo safi, kelele nyingi

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asichome bando bure. Password iliyorudishwa na NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, mwaka 2022 ni kipindi kizuri kinachoongea kupita kiasi. Mchezo wenyewe sina neno nao. Kilichonichosha ni vigelegele, muziki na utani uliomwagwa juu yake. Na kama nyumbani mpo watu wanne wenye kalamu na karatasi, utamu wake mtaupata bila kulipa senti, tena kwa Kiswahili mtacheka zaidi.

Kwa asiyeujua: ni mchezo wa maneno wa timu mbili za watu wawili wawili, mtu maarufu na mshiriki wa kawaida. Mmoja kwenye kila timu anaoneshwa neno la siri, kazi yake ni kumfikisha mwenzake kwenye neno hilo kwa dokezo la neno moja tu. Mwenzake akikosa, zamu inahamia upande wa pili, ambao umeshasikia dokezo la kwanza pamoja na jibu lililokosewa. Katika toleo la kwanza neno lilianza na alama 10, likawa linashuka alama moja kwa kila dokezo lililoshindwa, na wa kwanza kufika 25 ndiye mshindi. Baada ya hapo mshindi alipewa maneno matano ndani ya sekunde 60, dola 50 kwa kila neno. Basi, hakuna kingine cha kujifunza.

Aliyeubuni ni Bob Stewart, chini ya kampuni ya Goodson-Todman, na ulianza kurushwa na kituo cha CBS Oktoba 1961 ukiongozwa na Allen Ludden, bwana mmoja wa miwani na adabu zake. Tanganyika ilikuwa imebakiza miezi miwili kupata uhuru. Televisheni yenyewe huku bara tuliisubiri mpaka miaka ya tisini. Nalitaja hili kwa sababu vipindi vinavyofufuliwa huishi kwa kumbukumbu: Mmarekani akisikia jina tu anamkumbuka mama yake akipiga pasi mbele ya runinga. Sisi wa mitaa ya Dodoma, Nkuhungu na Kisasa, hatuna kumbukumbu hiyo ya kutubembeleza. Kwetu kipindi kinasimama kwa miguu yake au kinaanguka, na ndiyo maana nadhani maoni ya mtazamaji wa huku yana uzito wake.

Kwanza namna ya kukipata. Kutoka hapa Dodoma, nilichokifikia cha toleo jipya ni vipande vinavyowekwa YouTube, siyo kipindi kizima. Vya zamani, vile vya picha isiyo na rangi, vingi vipo vizima. Hilo peke yake linapindua mambo, kwa sababu kipande kimeshakatwa ili kibaki kicheko tu. Mtu anapewa dokezo, anajibu, watu wanapiga kelele, kimeisha. Ukienda kwenye kipindi cha 1962 unamwona mama anapewa dokezo halafu anakaa kimya. Anaangalia juu. Anauma mdomo. Ludden hamwingilii. Wewe uliye kwenye kochi umeshaliona neno, kuna sauti imekunong'oneza mwanzoni, kwa hiyo unateseka kwa niaba yake: lisemee basi! Ukimya huo ndio kipindi. Toleo jipya linauogopa, kila penye pengo linatia muziki au mzaha.

Mtangazaji mpya, Keke Palmer, simlaumu hata kidogo. Ana kasi, ana uchangamfu, na mshiriki akiingiwa na woga anamtuliza bila kumdhalilisha. Tuzo ya Emmy ya mtangazaji wa vipindi vya mchezo kama huu aliyopewa Januari 2024 ilimstahili. Jimmy Fallon, ambaye ni mmoja wa watayarishaji wakuu na pia ndiye mchezaji wa kudumu, ndiye anayenipa shida. Anapenda mchezo kweli, hilo linaonekana, ila anacheka kwa niaba yetu wote. Ukimtazama dakika kumi unatamani akae meza ya pili.

Sasa nyumbani kwangu. Bibi wa watoto alikuja kutoka Mpwapwa akatukuta tunacheza, akavuta kiti. Sisi asiyecheza ndiye anayeandika maneno kwenye vikaratasi, anavikunja na kuvitia kwenye bakuli. Bibi alikuwa na mjukuu wake wa kiume, dada zake wawili upande wa pili. Neno likaja: mnada. Bibi akasoma, akatabasamu, akasema, "Msalato."

"Ndege!" kijana akajibu papo hapo.

Kwa kijana wa umri wake, Msalato ni uwanja wa ndege wa kimataifa unaojengwa huko. Kwa bibi yake, Msalato ni Jumamosi, ng'ombe, mbuzi na nyama choma. Bibi akashika kiuno. "Mume wangu, leo umenivua nguo mbele za watu." Dada mkubwa hakusubiri, akamtupia mdogo wake dokezo, "Jumamosi." Mdogo akaruka, "Mnada!" Alama tisa zikaenda kwao, na bibi akaanza kudai kwamba wameiba.

Na kweli wameiba, ndivyo mchezo ulivyoundwa. "Jumamosi" peke yake haina maana yoyote, ingeweza kuwa harusi, usafi wa mtaa au kufua. Iliwaka kwa sababu "Msalato" ilikuwa imeshatamkwa, na kwa sababu "ndege" ilikuwa imeshakataliwa. Kila timu inampikia mpinzani wake. Ndiyo maana toleo la Million Dollar Password, lililorushwa CBS 2008 hadi 2009 likiongozwa na Regis Philbin, nililiona baridi licha ya taa zake zote. Waliondoa zamu za kupokezana, kila timu ikawa inakimbizana na saa peke yake, maneno matano matano, kuelekea dola milioni moja ambayo hakuna aliyeipata. Walidhani mtazamaji anafuata fedha. Toleo la 2022 lilirudisha kupokezana, na kwa hilo tu nalisamehe mengi.

Kuna jambo Waingereza na Wamarekani hawana shida nalo, sisi tunalo. Sheria inasema dokezo liwe neno moja. Kiswahili kwa neno moja kinabeba sentensi nzima. Binti yangu mdogo aliligundua hilo mapema mno: neno lilikuwa duka, akatoa dokezo "panapouzwa". Kwa mwingine likawa chai, akasema "tunachokunywa". Ni neno moja, umkatalie vipi? Tukalazimika kuketi kama bunge na kupitisha sheria: nomino, kivumishi, au kitenzi kinachoanza na ku-, bila kutia nafsi wala kirejeshi. Mchezo ukapona pale pale. Halafu likaja la mashina, kwa sababu huruhusiwi kutumia umbo lolote la neno lenyewe. "Mpishi" kwa kupika ni wazi, hairuhusiwi. Je, "mwalimu" kwa elimu? Upande mmoja ukasema ni maneno mawili tofauti, mwingine ukasema baba yao ni mmoja, Mwarabu. Kule Marekani enzi za Ludden walikuwa na mtaalamu wa maneno wa kuamua mabishano kama hayo. Kwetu aliamua aliyeshika bakuli, na hakupendwa.

Sauti tuliiruhusu. Kwenye vipindi vya zamani utawasikia wachezaji wanavuta dokezo ili mwenzao ajue linatakiwa lililo kinyume chake. Password Plus, toleo la 1979, baadaye ilipiga marufuku kinyume cha moja kwa moja, na naelewa sababu: linakuwa rahisi mno. Lakini mnyime bibi silaha hiyo umemtoa mchezoni. Alisema "baridiii" huku ameinua nyusi, na "joto" likaja kabla hajamaliza kuvuta. Jambo jingine alilolileta mwenyewe, ambalo halipo kwenye sheria yoyote ya NBC: timu zote mbili zikishindwa na neno, mwenye bakuli anadai mji, kama kwenye vitendawili. Akipewa Tanga, anakwenda Tanga, anatusimulia alivyopokelewa na alichokula huko, ndipo analitaja neno. Inachelewesha mchezo vibaya sana. Hakuna aliyelalamika.

Kwa alama, nikilazimishwa: vipande vipya vya NBC nyota tatu kati ya tano, mbili kati ya hizo ni za Palmer. Vipindi vya Ludden vya 1961 hadi 1967 nyota nne na nusu. Nusu inakatwa kwa ajili ya maneno ya Kiingereza cha wakati ule na watu mashuhuri usiowajua, ambao huwezi kuhisi wanachomaanisha. Mtoto asiyeelewa Kiingereza vizuri atachoka na matoleo yote mawili, msimlazimishe. Mpe bakuli.

Kama kuna mtayarishaji wa televisheni anapita hapa, mimi naona huu ni mchezo rahisi kuuleta kuliko ile ya magurudumu na mamilioni. Studio ndogo, meza mbili, nusu saa. Mtu wa BAKITA akae pembeni na kengele, tuone la mwalimu na elimu linaamuliwaje. Badala ya wasanii kuchezeshana wenyewe, mweke mchezaji wa mpira na mama anayeuza mboga soko la Majengo, au mbunge na bodaboda wa Jamatini, maana raha yote iko kwenye watu wawili wasioishi kwenye Msalato moja. Zawadi iwe ya kawaida, gunia la mchele linatosha. Maneno yasitoke kwenye mtihani wa fasihi: ungo, foleni, mchumba, luku, mlenda, hayo. Na mwongoza kipindi aachwe anyamaze pale mshiriki anapofikiri. Mkikirusha, nitakitazama hata mkikiweka saa mbili usiku kipambane na taarifa ya habari.