Maktaba ya chuo usiku: yale tunayosemana si kweli yote

Nimetumia maktaba ya chuo usiku muhula mzima na naipa nyota nne kati ya tano, ni kimya na viti viko poa. Ila kilichonishangaza ni watu. Si tunaambiwaga wa sanaa hawasomi, kazi yao stori tu? Basi saa nane usiku nikamkuta dada wa fasihi kasinzia juu ya daftari, kalamu bado mkononi, ukurasa umejaa wino mwekundu, na wale wa uhandisi ndo walikuwa wanacheki mpira kwenye laptopu. Wa sheria kubishana wanabishana kweli, hapo hatujawasingizia, hadi mhudumu akawatoa nje. Nyota moja nimekata sababu ya soketi za kuchajia, chache mno jamani, tunagombania, waongeze.