Kununua "Hatchet": nakala ya kumpa mtoto na ya kuiacha dukani

Mwezi wa 9 shule ya mwanangu ilituma orodha ya vitabu vya darasa la sita, na cha kwanza kilikuwa "Hatchet" (yaani kishoka) cha Gary Paulsen, hadithi ya mvulana aliyebaki peke yake porini. Nilifurahi mno. Nilikisoma mwaka wangu wa kwanza hapa Minnesota, kwenye maktaba ya mtaa, nikiwa nimetoka Tanga na koti moja lisilofaa kwa baridi ya huku, na sijapata kitabu kingine kilichonikalisha kimya kiasi kile. Basi nikaingia mtandaoni, nikaona nakala ya mtumba, muuzaji kaandika "hali nzuri sana", dola 4 na senti 29. Nikanunua. Usafirishaji ukawa dola 3 na senti 99. Jumla dola 8 na senti 28, wakati kipya dukani kilikuwa dola 9 na senti 99.

Kifurushi kilipofika, jalada halikuwa na hata mkunjo. Nikampa mtoto bila kufungua ndani.

Siku ya tatu akanifuata jikoni nachoma vitumbua, kitabu kimefungwa mkononi.

"Mama, hiki kimeshasomwa."

Nikamwambia kitabu cha mtumba lazima kiwe kimesomwa.

"Hapana, mama. Hiki kimeshajibiwa."

Nikafuta mikono, nikakifungua. Sura ya 8. Brian Robeson, mvulana wa miaka 13, amelala kwenye pango lake dogo la mwamba kando ya ziwa, giza totoro. Nungunungu anaingia, miiba inamchoma mguuni, naye kwa hofu anarusha kishoka gizani. Kishoka kinagonga ukuta wa mwamba, cheche zinaruka. Basi. Paulsen anaendelea na maumivu ya miiba na machozi ya mtoto, kana kwamba cheche zile hazina maana. Mpaka Brian aote ndoto mbili, aamke, aone jua linavyowaka kwenye chuma cha kishoka, ndipo anaanza kuelewa. Sasa pembeni mwa cheche hizo, mwanafunzi aliyetangulia ameandika kwa penseli nzito: "DOKEZO! Atawasha moto kwa kishoka." Chini yake mistari minne imepakwa wino wa njano wa kung'aa, uliopenya hadi ukurasa wa nyuma.

Kuna kurasa kadhaa za Brian kuhangaika na moto ule. Anajaribu nyasi, hazishiki. Anachana noti yake ya dola 20 vipandevipande, haishiki. Anachambua magome ya mti wa birch kwa kucha mpaka yawe laini kama pamba, cheche zinaingia na kufa, ndipo anakumbuka kuwa moto unataka hewa, anainama na kupuliza. Msomaji anatakiwa ahangaike naye. Mwanangu hakuhangaika, maana mtu alikwisha mwaga mtama.

Kwa hiyo habari za umri, ugumu wa Kiingereza na idadi ya kurasa sitazigusa, shule itakueleza. Nataka uangalie jambo moja ambalo sijaona mtu analitaja: ni nani mwingine anazungumza ndani ya nakala unayonunua?

Kwa vitabu vingi swali hili ni dogo. Kwa hiki ndilo lenyewe. Kilitoka mwaka 1987, kikapata heshima ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka uliofuata, na karibu chote kina mtu mmoja tu. Wazazi wa Brian wametalikiana, naye anapanda ndege ndogo kwenda kwa baba yake anayefanya kazi kwenye visima vya mafuta kaskazini mwa Kanada. Rubani anapata shambulio la moyo angani. Ndege inaanguka ziwani, na kuanzia hapo kwa siku 54 hakuna wa kuzungumza naye. Ana kishoka alichopewa na mama yake, kimening'inia kwenye mkanda, basi. Ndiyo maana sentensi ni fupi na maneno yanarudiarudia, kama mtu anayejisemesha ili asirukwe na akili. Ukiingiza sauti ya pili ndani ya ukimya huo, umekiharibu.

Nimeuliza wazazi wengine na wasomaji wao, na maoni yamegawanyika vibaya. Kijana mmoja wa kidato cha kwanza ameniambia marudiorudio yale yamemchosha, kwamba neno "talaka" limeandikwa kama mtu anayepiga ngoma ileile. Mwingine wa umri wake amesema hapo ndipo alipojiona yeye, kwa sababu wazazi wake wameachana na neno hilo humjia vivyo hivyo, bila kualikwa. Wengi wanalalamikia mwisho: uokoaji unakuja ghafla, kurasa chache, kwisha. Mimi siungi mkono lalamiko hilo. Mtu akikaa porini siku 54, msaada ukifika lazima uwe wa ghafla.

Mama mmoja wa Saint Cloud aliniandikia: "Dada, umesahau kututahadharisha kuhusu ile siri." Ana haki. Brian alimwona mama yake akimbusu mwanamume mwingine ndani ya gari, wakati baba hajui lolote, na anabeba jambo hilo kitabu kizima. Mama huyu alitaka kukirudisha dukani. Nilimsihi asikirudishe. Watoto wetu huona mengi kuliko tunavyodhani, na wengi wanabeba peke yao. Lakini kuna jingine ambalo mzazi anapaswa kulijua kabla hajalipa: ndege ya kutafuta inapopita bila kumwona, Brian anakata tamaa kabisa na anajaribu kujiua kwa kujikata na kishoka. Limeandikwa kwa ufupi na kwa heshima, naye anatoka hapo akiwa mtu mpya. Hata hivyo kama mtoto wako amepita kwenye giza la namna hiyo, kaa naye kwenye sura ya 13. Pia, karibu na mwisho anapozamia kwenye ndege, anaona maiti ya rubani iliyoliwa na samaki. Mwanangu alilala na taa usiku huo.

Sasa nakala zenyewe.

Ya kwanza kwangu, bila mjadala, ni ile ya kawaida ya jalada laini ya wachapishaji Aladdin, mpya. Nina upendeleo na Aladdin na siuoni kuwa aibu. Nakala ya tatu hii naingiza nyumbani. Herufi zina ukubwa wa kutosha kwa mtoto anayesoma chini ya blanketi na tochi, na pambizo ni nyeupe. Hakuna anayemshika mtoto bega na kumwonyesha pa kutazama. Ukiona mwishoni kuna kurasa za kuonjesha kitabu kinachofuata, zibane kwa klipu ya karatasi kabla hujampa. Nasema kwa dhati. Mpwa wangu mmoja alianzia huko nyuma, akajua Brian amepona kabla ndege haijaanguka.

Ya pili ni toleo la kuadhimisha miaka 20, la mwaka 2007, lakini si kwa msomaji wa mara ya kwanza. Ni zuri kulitazama, lina michoro ya kalamu na wino, na Paulsen mwenyewe ameandika utangulizi na maelezo pembeni mwa kurasa. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Maelezo ni ya kweli na yana utamu wake, ila yanakuja katikati ya hadithi. Brian yuko peke yake, halafu mzee anatokea pembeni kukueleza mambo. Hata kama mzee ndiye aliyeiandika! Walinunua wazazi wawili ninaowajua wakidhani toleo la maadhimisho ndilo bora kwa zawadi, na watoto wote wawili walikuwa wanaruka hadithi kusoma pembeni. Linunue kwa aliyekwisha kukisoma, au ujinunulie wewe.

Anayetaka kujua ukweli ulio nyuma ya hadithi, kuna kitabu kizima cha kazi hiyo, "Guts", cha mwaka 2001. Huko Paulsen anasimulia mashambulio ya moyo aliyoyaona alipokuwa akijitolea kwenye gari la wagonjwa, wanyama wakubwa wenye pembe wa kaskazini wanaoitwa moose waliomvamia, na jinsi alivyojaribu kula mayai mabichi ya kasa kama Brian, tumbo lake likakataa. Kila jambo na mahali pake. Ndivyo ilivyopaswa kufanywa.

Ya tatu ni ya kusikiliza, inayosomwa na Peter Coyote. Anasoma vizuri, hana papara. Tuliisikiliza njiani kwenda Duluth, na pale mbu wanapomvamia Brian wingu zima, mume wangu alijikuta anajikuna shingo huku anaendesha. Anayejua mbu wa ziwa la Minnesota mwezi wa 6 ataelewa. Sisi wa Tanga tulidhani tunawajua mbu. Lakini bado ni sauti ya mtu mwingine. Kwa mtoto anayesumbuka kusoma, ichukue. Kwa mwingine, kitabu kwanza.

Za mtumba: zinunue ukiwa umezishika mkononi, umefungua sura ya 8 na ya 9. Ukiona penseli, rudisha kabatini. Za mtandaoni achana nazo.

Na hapa niseme yaliyonikaa kooni. Nilimwandikia yule muuzaji, nikampigia picha kurasa 11 zenye maandishi. Akanijibu kwamba "hali nzuri sana" inahusu jalada na gundi, na kwamba maandishi ya ndani "hayazuii kusoma". Hayazuii kusoma! Mtu anayeuza vitabu anasema hivyo. Kwetu watu kama hawa tunawaita vishoka: hawana leseni ya kazi wanayoifanya wala uchungu nayo, wanachojua ni kupokea hela. Walikokota nakala za shule moja zilizotupwa, wakazifuta vumbi, wakazipandisha mtandaoni zote kwa maelezo yaleyale. Pesa yangu ilirudi nusu, ya usafirishaji haikurudi.

Na usafirishaji wenyewe ni jambo la kulia. Nilipotaka kumtumia mpwa wangu Tanga nakala moja, nauli ya posta ilizidi bei ya kitabu zaidi ya mara mbili. Mtoto wa Tanga anayetaka kusoma habari za mtoto aliyepotea msituni anatozwa kuliko mtoto aliye mtaa wa pili na duka. Ndiyo maana watu wanasambaziana nakala za kupiga picha kwa simu, kurasa zimepinda, maneno ya katikati yamemezwa na mkunjo. Siwalaumu.

Wanaouliza mwendelezo: ruka "The River" wa 1991, chukua "Brian's Winter" wa 1996. Huu unachukulia kwamba Brian hakuokolewa, na baridi inamkuta porini. Mwambie mtoto hilo mapema, la sivyo atachanganyikiwa, maana mwisho wa "Hatchet" unafutwa. Paulsen alizaliwa Minneapolis mwaka 1939 na alishiriki mara mbili Iditarod, mbio za mbwa wanaovuta sleji kwenye theluji huko Alaska, kwa hiyo aliposimulia mti unaopasuka kwa baridi usiku kama risasi, alijua anachosema. Mwanangu alipofika hapo alifungua dirisha la chumba chake mwezi wa 1 ili asikilize. Nilimwacha dakika mbili.

Anayetaka shujaa wa kike amnunulie binti yake "Island of the Blue Dolphins" cha Scott O'Dell, cha mwaka 1960, kuhusu msichana aliyebaki peke yake kisiwani miaka mingi. Msingi wake ni mwanamke wa kweli aliyeishi peke yake miaka 18 kwenye kisiwa cha San Nicolas, pwani ya California. Kanuni ileile: nakala safi, pambizo nyeupe.

Filamu ya 1990 iliyotokana na "Hatchet" ije mwisho kabisa, baada ya kitabu.

Nakala mbili mpya za Aladdin nimeshaziweka kwenye begi la dada mmoja anayeshuka Dar mwezi wa 12. Moja ni ya mpwa wangu, nyingine ya maktaba ya shule niliyosoma. Kurasa za mwisho nimezibana kwa klipu, na ndani sijaandika hata jina.