Kuziba ubavu wa tairi la lori Dodoma: huduma tatu, ya kulipia ni moja

Lori likichanika tairi ubavuni popote kati ya Gairo na Manyoni, fundi pancha atakuuzia moja kati ya hizi: utambi (uzi wa mpira unaosukumwa kwenye tundu), kushona, au kiraka cha moto. Zote huzuia upepo kwa muda. Inayorudisha nguvu ya tairi ni ya tatu tu, tena kwa masharti.

Utambi ubavuni: sifuri. Ubavu hukunjika na kunyooka kila gurudumu linapozunguka, kwa hiyo utambi hulegea, upepo ukachuja kidogo kidogo, na dereva anakuja kugundua tairi limeshachemka.

Kushona kunadanganya zaidi kwa sababu kunaonekana imara. Kila tundu la sindano ni njia mpya ya maji kufikia waya za ndani, na waya ukishika kutu, kutu hutembea chini ya mpira pasipo kuonekana. Kwenye tairi la lori la saizi 12.00R20 lenye tyubu, kile kipande cha tairi kuukuu kinachowekwa ndani husugua tyubu mpaka itoboke. Kwa mkokoteni sawa.

Kiraka cha moto kinastahili pesa yako fundi akiwa na vifaa. Simama umwangalie.

Kwanza alitoe tairi kwenye rimu na kumulika ndani. Akikuta unga mweusi wa mpira au mikunjo iliyozunguka ubavu, limetembea bila upepo wa kutosha, waya zimechoka, na kuliziba ni kutega bomu. Kipimo kinachotumika ni asilimia 80: tairi la kujazwa 120 psi (kipimo cha upepo) lililotembea chini ya 96 lihesabiwe limetembea bapa na likaguliwe hivyo.

Kisha apime jeraha, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Kwenye tairi la waya, waya za ubavuni zinashuka wima kutoka kwenye kashata (sehemu inayokanyaga barabara) hadi mdomoni (ukingo unaokaa kwenye rimu). Mchano wa sentimita 5 unaofuata waya unaweza kukata chache tu. Wa sentimita hizohizo ukizunguka tairi umekata msururu mzima. Ndiyo maana jedwali la mtengenezaji wa kiraka hutoa vipimo viwili, upana na urefu, kulingana na saizi ya tairi. Fundi anayechagua kiraka kwa kukisia na kiganja, achana naye. Jeraha lililofika karibu na mdomo halizibwi kabisa.

Waya zilizokatika au kushika kutu hukatwa kwa grainda ya kasi hadi zionekane safi. Mpira huparuliwa kwa mashine ya mwendo mdogo, isiyozidi mizunguko 5,000 kwa dakika, la sivyo unaungua, unang'aa, na gundi haishiki. Vumbi lifyonzwe au lisuguliwe kwa brashi. Kuosha kwa petroli kunaacha mafuta, na kupuliza kwa kompresa yenye maji ni hasara ileile. Solusheni (gundi ya kiraka) iachwe ikauke mpaka inate kidogo ukiigusa kwa mgongo wa kidole. Kwa upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti, kazi hii ikifanyiwa nje chini ya mti, vumbi linatua juu ya solusheni kabla kiraka hakijawekwa. Banda lenye kuta ni sehemu ya huduma unayolipia.

Kiraka kiwe cha radial (yaani cha tairi la waya) chenye nyuzi ndani, mishale yake ikielekea midomo ya tairi. Kibandikwe tairi likiwa limelegea, halijapanuliwa. Likipanuliwa, kiraka kitajikunja likijifunga. Rola ianzie katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Tundu lenyewe hujazwa mpira mbichi na kupikwa kwa nyuzi joto karibu 150, muda ukitegemea unene. Mpira ukipoa, bonyeza kwa ukucha: alama ikibaki, haujaiva. Umeme ukikatika katikati ya kupika, usikubali “utamalizikia njiani”.

Tairi lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wa upepo wenye kishikio cha kujibana kwenye valvu, kila mtu akikaa mbali na ubavu. Lifikishwe 20 psi, likaguliwe, ndipo liendelee. Ukisikia waya zinadata data, upepo utolewe palepale. Ubavu wa waya hupasuka kama zipu na unaua. Uvimbe mdogo juu ya kiraka, usiozidi milimita 10, ni wa kawaida kwenye radial.

Bei ikikaribia nusu ya tairi jipya, usizibe. Ukiziba, lifunge kwenye tela, kamwe si mbele. Ukitokea Kizota, Dodoma, kuelekea Singida na mzigo, simama Bahi upime upepo tairi likiwa bado moto: psi ikiwa imepungua badala ya kupanda, tairi linavuja.