Uzoefu wangu na Pilatus PC-24: jeti inayotua kwenye murram

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ni kusindikiza wagonjwa mahututi kwa ndege kutoka kaskazini mwa Kenya hadi uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Kati ya jeti ndogo nilizofanyia kazi, PC-24 ndiyo ninayoomba nipangiwe, na sababu ya kwanza ni mlango.

Jeti za ukubwa huu nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya wafanyabiashara: mlango ni mmoja, mwembamba, uko mbele. Machela inabidi iinamishwe na izungushwe huku mgonjwa ana mirija mwilini. PC-24 ina mlango wa mizigo nyuma, upana mita 1.25, kimo mita 1.30. Machela inaingia ikiwa imelala vilevile, juu ya sakafu tambarare. Juzi tulimpakia mama aliyevunjika nyonga, wala hakuguna. Sisi tuliozoea kusikia wagonjwa wakilia pale mlangoni tunajua hilo lina uzito gani.

Halafu kuna viwanja vyetu vya murram. Kampuni ya Pilatus ya Uswisi iliitangaza ndege hii 2013, ikaruka mara ya kwanza Mei 2015 na kupata cheti Desemba 2017. Mwaka 2018 ikaruhusiwa kutua kwenye changarawe kavu, kisha nyasi na udongo uliolowa. Injini zake mbili za Williams zimekaa nyuma, juu ya bawa, hivyo bawa linazikinga na mawe yanayorushwa na magurudumu. Si ajabu kwamba madaktari wa angani wa Australia, Royal Flying Doctor Service, nao wanaitumia.

Kitu ambacho hakizungumzwi sana ni joto la kiwanjani. Tukisubiri gari la wagonjwa, rubani huiacha injini moja ikizunguka polepole katika hali maalumu ya utulivu, nasi tunapata umeme na hewa baridi bila mtambo wa nje. Mashine zangu hazizimiki, na mgonjwa haokwi na jua. Angani nako, hata ikiwa futi 45,000, hewa ya ndani ni kama ya futi 8,000, juu kidogo tu ya mji wa Nyahururu. Kwa mtu mwenye mapafu dhaifu hiyo ni nafuu kubwa.

Kasoro zipo. Kimo cha ndani ni mita 1.55, kwa hiyo nafanya kazi nimeinama na mgongo unaniuma. Pia zile namba za katalogi, kama umbali wa kuruka bila kujaza mafuta wa kilomita 3,700 hivi, msizichukue zilivyo. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Mchana wa jua kali hewa ni nyepesi, na rubani anaweza kulazimika kupunguza mafuta au uzito kabla ya kuruka.

Ushauri wangu kwa hospitali na familia zinazokodi: kwa safari fupi kama Nanyuki, PC-12, ndege nyingine ya Pilatus yenye rafadha (pangaboi) moja, inatosha, nayo ni nafuu zaidi. Kwa Mandera au Lokichoggio, ulizeni kama PC-24 inapatikana, na mtaje mapema uzito wa mgonjwa, idadi ya mitungi ya oksijeni na hali ya kiwanja baada ya mvua.