Uma wa kupalilia wa meno marefu, kwa wenye magugu yanayopanda (nyota 4)

Naongelea ule uma mdogo wa mkononi wenye meno matatu membamba, sio ule mpana wa kugeuzia udongo. Bustani yangu nimeiacha na vichaka makusudi ili nyuki waje, ndege wajenge na vyura wapate pa kujificha, kwa hiyo dawa ya magugu haiingii humu kabisa. Shida ndo hayo magugu ya kupanda, yale ya jamii ya viazi vitamu yenye maua kama tarumbeta, yanajisokota kwenye kila shina mpaka mmea wa watu unalala chini.

Jembe kwa haya madude sishauri, maana unayakatakata tu na kipande cha mzizi hata cha sentimita 5 kinachipua upya. Uma unauchomeka pembeni ya shina, unautikisa taratibu udongo ulegee, afu unaufuata ule mzizi mweupe kwa vidole, polepole, unakatika kwa kuuangalia tu. Udongo ukiwa na unyevu unatoka mrefu mpaka raha, ukiwa mkavu bora ukalale.

Ila usitegemee kuyamaliza haraka, mizizi inashuka mita kadhaa na mbegu zinaweza kukaa ardhini miaka 20 na zaidi bado zikaota. Kinachosaidia ni kurudia rudia, kila ukiondoa majani mzizi unakula akiba yake mpaka unachoka. Ulichong'oa usitupe mbichi kwenye mboji, anika juani kikauke kabisa au loweka kwenye ndoo mpaka kioze.

Kwenye ua wa miti uma siutumii, unachubua mizizi ya ua wenyewe. Hapo nakata shina la gugu chini kabisa na kule juu naliacha likaukie humo humo, maana ukivuta unashuka na matawi na pengine kiota kiko ndani. Na kona moja nimeyaachia kabisa, nimechomeka fito yapande hapo, nyuki wanayapenda maua yake na wapo viwavi wa nondo mmoja mkubwa wa usiku wanaokula majani yake, nami nayakata tu maua yakinyauka kabla hayajafunga mbegu.

Sasa nyota moja imeenda wapi? Mpini. Ni wa mbao na ile pete ya chuma imelegea, ukikutana na udongo wa mfinyanzi unazunguka mkononi wakati meno yenyewe hayajapinda hata kidogo. Nikamwandikia muuzaji, ananijibu eti nisitumie nguvu sana, sasa nichimbe kwa maombi jamani? Wakitoa wenye mpini uliounganika na meno kipande kimoja nachukua hata leo, huu wa mbao chukua kama udongo wako ni wa kichanga.