Get Carter (1971): nimeitazama mara mbili ndani ya wiki moja

Kaka yangu alifariki kwa ajali ya gari mwaka juzi. Tuliambiwa alisinzia kwenye usukani. Tukazika, tukaanua matanga, kila mtu akarudi kwake. Mimi maswali yangu ninayo hadi leo, na ndiyo maana filamu hii ya Uingereza imeniingia mno.

Jack Carter (Michael Caine) ni jambazi anayewatumikia wakubwa wa London. Anapanda treni kwenda kwao Newcastle kumzika ndugu yake Frank, anayedaiwa kulewa akafa kwenye ajali ya gari. Jack haafiki. Anaanza kuulizia, na kila anayemuuliza ama anamjibu nusunusu, ama anamkwepa. Mazishi yenyewe yana watu wa kuhesabu kwa vidole. Palinichoma hapo.

Mike Hodges alikuwa ametoka kwenye televisheni, na hii ndiyo filamu yake ya kwanza ya sinema. Amepiga picha kwenye baa na mitaa yenyewe, mvua na moshi vyote unaviona. Lile jengo la kuegesha magari la Gateshead, mji jirani na Newcastle, linalokumbukwa sana na wapenzi wa filamu hii, lilibomolewa mwaka 2010.

Lafudhi ya huko ni ngumu, washeni maandishi ya chini. Majina pia ni mengi: Kinnear, Brumby, Paice. Mara ya kwanza nilipotea njiani. Na jambo moja limeniudhi kwelikweli: Jack anavyowatendea wanawake. Nilimwonea uchungu kwa msiba wake, lakini kumpenda nilishindwa. Watoto wasiwepo sebuleni.

Kuna mahali Jack amejilaza kwenye kitanda cha mwanamke, anatazama mkanda mfupi unaomulikwa ukutani. Mwanzo anautazama hivi hivi tu, kama mtu anayepoteza muda. Kisha uso unabadilika polepole, hasemi neno, machozi yanamtoka. Alichokiona sitakitoboa, ila ndipo anapojua Frank alikufa kwa ajili ya nini. Nilisimamisha filamu, nikampigia simu shemeji yangu. Tuliongea karibu saa nzima, na kwa mara ya kwanza alinisimulia usiku ule kaka alivyoaga nyumbani.

Sehemu ya mwisho, ufukweni ambako mabaki ya makaa ya mawe yanamwagwa baharini, niliitazama nimesimama. Nyota nne na nusu.