Filamu za kale na za kisanaa: ununue nini ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Jambo la kukariri kabla hujalipa ni hili: diski nyingi za filamu hufungwa kwa ukanda, yaani kundi la nchi ambako zinaruhusiwa kucheza. Kwa Blu-ray, diski yenye picha safi kuliko DVD, Tanzania iko ukanda B, pamoja na Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Australia. Kwa DVD tuko ukanda wa 5, wakati Uingereza iko ukanda wa 2. Alama hizo ndogo nyuma ya kasha ndizo zinazoamua kama diski uliyoisubiri Posta kwa wiki kadhaa itaonyesha picha, au itakutolea tangazo la kukataa kucheza.

Huku kwetu kosa la namna hiyo linauma zaidi. Filamu za waongozaji kama Ousmane Sembène wa Senegal, Kurosawa wa Japani na Tarkovsky wa Urusi huzikuti kwenye maduka ya Mwanjelwa, Mbeya, wala Miyomboni, Iringa. Unaagiza nje, au unamtuma ndugu anayesafiri. Diski ikifika na isicheze, nauli ya kuirudisha inaweza kuzidi bei yake. Kwa hiyo machaguo yamepangwa hapa kwa kuangalia kama kitu kitacheza kwenye vifaa vinavyopatikana huku, kisha kama picha inafanana na ile iliyopigwa na mtengenezaji wa filamu. Bei imekuja baada ya hayo mawili.

Namba moja: Blu-ray iliyotolewa Uingereza

Hii inashinda, tena kwa mbali. Inacheza kwenye deki ya ukanda B bila ujanja wowote, na maandishi ya tafsiri yapo kwa Kiingereza. Hilo la maandishi lisichukuliwe kwa wepesi. Ufaransa na Italia nazo ziko ukanda B na zinatoa matoleo mazuri sana, lakini filamu ya Kijapani iliyotolewa Ufaransa mara nyingi ina maandishi ya Kifaransa peke yake. Soma orodha ya lugha nyuma ya kasha. Lugha ya filamu na lugha ya maandishi huandikwa mahali tofauti, na wengi husoma ya kwanza wakaishia hapo.

Majina ya watoaji wa diski ya kutafuta kwenye kasha ni BFI (taasisi ya filamu ya Uingereza), Masters of Cinema ya kampuni ya Eureka, Arrow na Second Run. Criterion inahitaji uangalifu. Kampuni hiyo ni ya Marekani na diski zake za huko nyingi zimefungwa ukanda A, ila tangu 2016 inatoa pia matoleo ya Uingereza yenye ukanda B. Jina ni lilelile na picha ya jalada mara nyingi ni ileile. Kinachotofautiana ni alama ya ukanda nyuma. Muuzaji akikutumia picha ya mbele tu, mwombe ya nyuma.

Kama hujui uanzie wapi, anza na diski ya BFI ya mwaka 2015 yenye filamu mbili za Sembène: Black Girl ya 1966 na Borom Sarret ya 1963. Zote ni fupi na ni za nyeusi na nyeupe. Tazama kuta nyeupe za nyumba ya Ufaransa anakofanya kazi Diouana, mhusika mkuu wa Black Girl, na vazi lake mbele ya kuta hizo. Kwenye kopi iliyobanwa, yaani iliyopunguzwa ukubwa wa faili, weupe wote unakuwa bapa moja kama karatasi. Kwenye diski hii unaona vivuli ndani ya weupe wenyewe, na chembechembe za filamu zinacheza juu ya ukuta. Chembe hizo si uchafu wala hitilafu ya TV. Ndiyo filamu yenyewe.

Sasa deki. Deki mpya ya Blu-ray ni adimu madukani huku, hivyo wengi wataangukia mtumba. Iliyotoka Uingereza inafaa: plagi ni ya miguu mitatu kama zetu na umeme ni ule ule wa volti 230. Iliyotoka Japani au Marekani inaweza kuwa imetengenezwa kwa volti 100 au 120, na ukiichomeka ukutani inaungua papo hapo. Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 100–240V, haina shida ya umeme, ingawa bado ukanda wake unaweza kuwa A.

Kabla hujatoa hela, ijaribu kwa diski ya Blu-ray, usikubali kuonyeshwa DVD. Ndani kuna leza mbili: nyekundu ya DVD na ya buluu ya Blu-ray. Ile ya buluu inaweza kufa peke yake, deki ikaendelea kusoma DVD vizuri kabisa, na muuzaji akakuonyesha DVD kwa moyo mweupe. Ruka mpaka sura ya mwisho ya filamu, kwa sababu leza iliyochoka mara nyingi inasoma sehemu ya ndani ya diski ikashindwa ukingoni. Fungua na kufunga trei mara tano au sita. Ikisita, mkanda wake wa mpira umelegea, na huo fundi anaubadilisha bila taabu. Leza ikiwa imekufa, achana na deki hiyo.

Njia rahisi zaidi ni PlayStation. Vibanda vya gemu viko kila mtaa, na PS3 au PS4 iliyotumika inasoma Blu-ray. Mambo mawili tu: mashine iliyouzwa Marekani inasoma ukanda A, na PS4 huomba intaneti mara moja mwanzoni ili kufungua uwezo wa kucheza diski za filamu. Simu yako ikigawa intaneti kwa dakika chache inatosha.

Namba mbili: DVD halisi ya PAL

PAL ni mfumo wa picha za TV unaotumika Uingereza na huku kwetu. Faida ya DVD hii ni bei ya deki. Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa Mbeya na Iringa zinacheza kanda zote, kwa hiyo DVD ya Uingereza inakubali. Anayepokea mzigo kutoka Afrika Kusini kupitia Tunduma ajue kwamba nchi hiyo iko ukanda wa 2, ilhali Zambia iko wa 5 kama sisi. Ukichezea kwenye kompyuta, kuwa makini: kiendeshi cha DVD kinaruhusu kubadili ukanda mara 5, kisha kinajifunga moja kwa moja kwenye ule wa mwisho.

Picha ya DVD ya PAL ina mistari 576, ya Blu-ray ina 1080. Kwenye TV ya inchi 32 ukiwa umekaa mita tatu, tofauti inavumilika. Kwenye inchi 50 haivumiliki. Kuna na kasi: filamu imepigwa kwa picha 24 kwa sekunde, PAL inazipeleka 25, hivyo filamu ya dakika 100 inaisha kwa 96 na sauti za watu zinapanda kidogo. Haijakatwa. Mwenye sikio la muziki atalisikia, wengine hawatalisikia.

Neno «halisi» lina maana hapa. Geuza diski utazame upande wa chini. Iliyochapwa kiwandani kwa kawaida ina rangi ya fedha au dhahabu hafifu. Iliyochomwa kwenye kompyuta huwa na zambarau. Na zile za filamu 16 katika diski moja, piga hesabu: diski ya GB 4.7 ukigawa kwa 16, kila filamu inabaki na MB 300 hivi. Filamu ya giza, yenye usiku na mishumaa, kwa kiasi hicho inakuwa vigae vya mraba vinavyotembea.

Namba tatu: intaneti, kwa kuchagua

Kabla hujalipia chochote, tumia vya bure vilivyo halali. Hifadhi ya filamu ya Korea Kusini, Korean Film Archive, imeweka YouTube filamu zake nyingi za zamani nzimanzima zenye maandishi ya Kiingereza. Studio ya Mosfilm ya Urusi imefanya vivyo hivyo, na humo zimo za Tarkovsky. Hizo zinaweza kukutosha miezi mingi kwa gharama ya bando tu.

Bando ndilo tatizo. Netflix yenyewe inakadiria mpaka GB 3 kwa saa moja ya picha ya HD, kwa hiyo filamu ya saa mbili ni GB 6. Zidisha kwa filamu unazotazama kwa mwezi, ulinganishe na bei ya diski moja ambayo utaitazama mara kumi. MUBI, huduma ya kulipia ya mtandaoni, ndiyo yenye filamu za kisanaa hasa, ila nyingi hazikai, zinaondolewa na kuwekwa nyingine. Criterion Channel, huduma ya mtandaoni ya kampuni ile ya Criterion, iko wazi kwa Marekani na Kanada tu, usilipie kwa kudanganywa na mtu.

Namba nne: 4K

Diski za 4K, zenye picha kali kuliko Blu-ray, hazina kufuli la ukanda, na ubora wake haubishaniwi. Lakini PS4 haizisomi, hata ile ya Pro. Inahitajika PS5 yenye mlango wa diski, Xbox One S, One X au Series X, au deki yake maalumu. Kama TV yako iko chini ya inchi 55, fedha hiyo inunulie Blu-ray tatu. Kasha la 4K mara nyingi lina na diski ya Blu-ray ndani, na hiyo ya pili inaweza kuwa na kufuli.

Namba tano: diski za Marekani

Acha, isipokuwa una mashine ya ukanda A mkononi na filamu haijatolewa kwingine.

Ya mwisho: kujaziwa kwenye flashi

Wengi wanaanzia hapa, na bei yake inaeleweka. Tatizo la kwanza ni kwamba kopi hizo hazina ruhusa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda watunzi wa nje na wa ndani. La pili ni filamu zenyewe. Seven Samurai ya Kurosawa, ya 1954, ina dakika 207. Ibane kwenye MB 700, na kila sekunde inapata chini ya nusu megabiti. Blu-ray inaruhusu mpaka megabiti 40. Mvua ya vita ya mwisho inageuka ukungu wa kijivu, na mvua ile ndiyo tukio lenyewe. Iliyotafsiriwa na DJ ina hasara zaidi, kwani sauti yake inafunika upepo, hatua na ukimya, vitu ambavyo filamu za namna hii zimejengwa navyo.

Ukiwa na mafaili halali ya kwako kwenye flashi, haya ndiyo yanayokwamisha. Flashi iliyopangwa kwa FAT32, mfumo wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili linalozidi GB 4; ipange upya kwa exFAT, ila hakikisha TV yako inaisoma. Picha ikitoka bila sauti, mara nyingi sauti ya faili ni ya DTS, aina mojawapo ya sauti, na TV haiijui. Sauti ikitoka bila picha, mara nyingi faili ni la H.265, njia mpya zaidi ya kubana video, na TV ni ya zamani. Maandishi ya tafsiri yasipoonekana, lipe faili la .srt jina lile lile la video, herufi kwa herufi. Yakichelewa au kuwahi, kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ya kompyuta bonyeza G au H mpaka yaendane na midomo.

TV yenyewe inaharibu

Filamu nyingi za kabla ya miaka ya 1950 zina umbo la 1.37 kwa 1, karibu na mraba. TV ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 na kimo cha 40 hivi, kwa hiyo picha sahihi inachukua upana wa sentimita 55 na kuacha weusi wa sentimita 8 kila upande. Weusi huo uache. Anayebonyeza rimoti kuuondoa ananenepesha watu au anakata vichwa. Tafuta kitu cha duara, gurudumu au sahani. Kikiwa kama yai, umbo limeharibiwa. Kisha ingia kwenye mipangilio uzime ulainishaji wa mwendo, unaofanya filamu ionekane kama taarifa ya habari, na punguza ukali wa picha, kwa kuwa unachonga mistari myeupe kuzunguka nyuso.

Baridi, unyevu na vumbi

Mzigo uliosafiri usiku kwenye buti la basi kupitia Makambako mwezi Julai unafika ukiwa wa baridi kali. Ukiufungua na kuuwasha kwenye chumba chenye joto na chai jikoni, mvuke unageuka matone kwenye lenzi ya leza. Uache saa mbili ndani ya boksi lake kabla ya kuchomeka. Chomeka kupitia stabilaiza, maana umeme unaporudi baada ya kukatika ndipo unapoua.

Masika, diski zisikae kwenye shelfu linalogusa ukuta wa nje. Ukungu unaanza kwenye karatasi za jalada kisha unahamia kwenye diski. Ukiuona, osha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, suuza, kausha kwa kitambaa laini ukipangusa kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Petroli na thina zinayeyusha plastiki. Na ule ufundi wa kusugua diski kwa dawa ya meno, ambao huokoa baadhi ya DVD, usiufanye kwa Blu-ray: kwenye DVD data iko milimita 0.6 ndani, kwenye Blu-ray ni milimita 0.1 tu.